Aliyetuachia Rundo la Mboji

Jumamosi tulimsafirisha jirani yangu kwenda kuzikwa kwao magharibi. Alikuwa mjane, akiishi nyumba ya chini na wajukuu wake. Nyuma ya jengo letu hapa Huruma alirundika maganda, mabua ya sukumawiki na majani ya mgomba yaliyofungiwa miraa, akayageuza kwa uma wa shambani mpaka yakawa mboji ya kujazia magunia aliyopandia mboga. Mboga hizo ndizo zilizowalisha wajukuu. Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa amemwonya: rundo likinuka tu, linaondoka.

Asubuhi moja ya baridi ya Julai rundo lilifuka. Sisi tulioona mabanda ya jirani zetu wa Mathare yakiungua hatungoji kuuliza. Ndoo zilishuka kutoka kila ghorofa, na maji yenyewe ya kununua. Mimi sikumwaga hata tone. Nilisimama kwenye ngazi nikitoa maelekezo, kazi niliyosomea chuo kikuu. Mama huyo mjane akatoka mbio, leso kifuani.

“Woi! Mnafanya nini?”

“Mathe, inawaka ndani!” alisema fundi cherehani wa ghorofa ya pili.

“Inawaka wapi? Huo ni mvuke! Uchafu ukioza vizuri unapata joto. Sasa mmeuzamisha, utanuka, na mwenyekiti mwenyewe ndiye huyo ameshika ndoo!”

Mwenyekiti aliitazama ndoo yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Na kweli ulinuka. Vijidudu vinavyoozesha uchafu bila uvundo vinataka hewa. Maji yakijaa, vinakufa, na kazi inachukuliwa na vingine visivyohitaji hewa, navyo ndivyo vyenye harufu. Mama alilifumua rundo lote, akachanganya majani makavu, akaligeuza tena na tena. Mwenyekiti alipita akiwa ameziba pua, lakini mdomo pia aliufunga. Baadaye lilirudi kunukia kama udongo baada ya mvua.

Kwenye matanga sifa zilikuwa nyingi. Nilipouliza nani atalishika rundo, kila mtu alikumbuka chai. Wajukuu wamebaki na shangazi yao, anayerudi kutoka soko la Gikomba akiwa hoi, na rundo limeanza kunuka. Basi jana nilichukua uma.

“Prof, umeangusha simu humo?” fundi aliniuliza.

“Lete majani makavu,” nilimwambia.

Aliahidi kuyaleta kesho. Nimechoka, wasomaji wangu, na si mgongo peke yake. Uchafu utaoza tu, uguswe usiguswe. Ila kuwa udongo au kuwa uvundo kunategemea mtu wa kuugeuza, na mtu huyo sisi humsifu sana, ili asituombe tumshikie uma.