Ubao wa Mgahawa na Keria ya Baba Mdogo

Mwaka ule tulipozika mama, niliacha shule darasa la sita, nikafungua kibanda cha chakula karibu na machimbo ya Geita. Baba alikuwa ametangulia. Baba mdogo alinipa muda hadi mavuno: nikishindwa kuwalisha wadogo zangu watatu, atakuja na baiskeli kuwachukua, mmoja mmoja, awagawe kwa ndugu.

Nje niliweka kipande cha mbao nilichokipaka weusi wa betri kuukuu. Kila alfajiri niliandika kwa chaki: "Chakula kizuri na safi kinapatikana hapa. Karibuni." Mama mmoja aliyeuza chakula ng'ambo ya barabara aliandika hivyo hivyo. Wachimbaji walipita bila hata kugeuza shingo.

Asubuhi moja wadogo zangu walikuwa wakichambua maharage huku wakicheza ngoma ya mashindano, kama inavyochezwa kwetu baada ya mavuno: pande mbili, kila upande ukiuimbia mwenzake kejeli. Kitinda mimba akapaza sauti:

"Ugali wa ng'ambo umelala, haujanawa uso!"

Nilicheka, jambo nililokuwa nimelisahau. Nikafuta ubao, nikaandika maneno yale.

Wachimbaji wawili wakasimama. Mmoja akamgeukia mama wa ng'ambo: "Mama, umetukanwa huku!"

Yule mama akavuka, akasoma, akarudi kwake. Nikaogopa. Kidogo akatoka na ubao wake: "Maharage ya watoto yana mawe. Njooni na nyundo."

Tangu siku ile watu walipita kwanza kusoma, kisha wakachagua pa kula. Sufuria zetu zote mbili, yangu na ya yule mama, zikawa zinaisha. Lakini kutafuta utani kila alfajiri, macho yamejaa moshi na mgongo unauma, ni kazi kama kuchota maji.

Siku ya baba mdogo ilipofika sikuwa na utani wa kuandika. Niliuacha ubao mtupu, nikainamia moto. Mdogo wangu wa pili alichukua chaki, sikumzuia.

Baba mdogo alipofika, benchi lilikuwa limejaa, na watu wengine walikula wamesimama.

"Shikamoo, baba mdogo!" mchimbaji mmoja akamwita, mdomo umejaa. "Mimi nakaa mbele au nyuma?"

"Marahaba. Nyuma ya nini?"

Wakamwonyesha ubao: "Leo baba mdogo anakuja na baiskeli kuchukua watoto. Wateja wetu, kaeni kwenye keria, asipate nafasi."

Alisoma polepole, kidole kikifuata herufi. Akawatazama wadogo zangu, walioacha kuosha sahani. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaomba ugali na maharage.

Alipomaliza akanawa. "Maharage hayana mawe," akasema, akapanda baiskeli, keria tupu.

Nilikaa chini palepale jikoni. Sikuwa na nguvu za kufurahi. Ng'ambo, yule mama alikuwa tayari anafuta ubao wake, anatucheka.