Kufuli Lililobaki

Nilizaliwa Iyunga, Mbeya, na nilipohamia Mufindi kusimamia usalama katika kiwanda cha chai, mafundi walinionea huruma kwa baridi kabla hawajaanza kuuogopa mdomo wangu. Sheria niliyoipigania kuliko zote ilikuwa ya kufuli: kila anayeingia ndani ya tanuri la boila kusafisha, anafunga swichi kuu kwa kufuli lake, na ufunguo anatembea nao mfukoni. Kufuli la mtu halikatwi mpaka mwenyewe aonekane kwa macho.

Siku moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka madirishani, usafi ulikwisha na makufuli yote yakatolewa isipokuwa moja, la fundi mmoja.

"Huyo kaenda kuzika," alisema msimamizi wa zamu. Mwenzetu mwingine alikuwa amefiwa, na lori la kiwanda lilikuwa limebeba watu kwenda msibani. "Si nimemwona mwenyewe juu ya lori na koti lake lile la kijani? Na tanurini nimechungulia, hamna mtu. Tukate tuwashe, mama, majani yanaharibika."

Tulimpigia simu mwenye kufuli, haipatikani. Makaburini hakuna mtandao, wakasema. Mkasi wa kukatia chuma ulishaletwa, na kusema kweli kalamu ya kutolea kibali nilikuwa nimeishika. Kilichonizuia ni hasira, si busara: nilitaka huyo bwana arudi afungue mwenyewe, nimpashe mbele ya watu. Nikasema tusubiri lori. Wote wakaninunia.

Lori liliporudi, koti la kijani lilishuka limevaliwa na mtu mwingine.

"Kaniazima," alisema. "Niliondoka nyumbani bila koti."

Nilikimbilia tanurini, nikaupiga mlango wa chuma kwa ngumi huku nikiita jina lake. Halafu nyuma ya ukuta wa matofali wa ndani ya tanuri, usikoonekana mtu ukichungulia mlangoni, pale ambapo joto la jana lilikuwa halijaisha, mtu akakohoa. Akatoka akitambaa, mweusi kwa masizi, macho yamejaa usingizi. Alipokwisha kuliazimisha koti, baridi ilikuwa imemrudisha tanurini kuota joto, usingizi ukamchukua.

"Kamwene, mama," alinisalimia kwa adabu. "Lori limesharudi?"

Maneno yote niliyomwandalia yalipotea. Nilikaa palepale kwenye majivu nikalia kwa furaha, wala sikuona haya. Msimamizi aliuweka mkasi chini taratibu, akabaki anaitazama mikono yake. Yule bwana akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo, akaenda kufungua kufuli lake mwenyewe.