Saluni Iliyobaki Ndani ya Disketi

Wenzangu, hadi leo nikipita ile kafe ya intaneti pale mtaani Point naangalia chini.

Nilikuwa nafagia nywele saluni kwa Mama Solange, huku nikiota kuwa mtu wa kompyuta. Kwenye intaneti nilikuta masomo mawili ya kutengeneza kurasa. Moja refu, maneno matupu. Lingine liliahidi ukurasa kwa saa moja, tena lilikuwa na nyota zinazocheza. Nikachagua nyota.

Nikatengeneza ukurasa wa saluni wenye picha ya Mama Solange, nikauhifadhi kwenye disketi yangu. Alifurahi mpaka machozi. Akampigia dada yake aliye Ubelgiji, hawajaonana miaka sita, akamsomea anwani niliyonakili kutoka kwenye kioo cha kompyuta: "Fungua, utaniona!"

Dada akatafuta siku tatu. Wapi!

Mama akanivuta hadi kafe. "Petit, mdogo wangu, niko wapi?"

Nikachomeka disketi, nikafungua ukurasa. "Wewe huyu hapa, Mama!"

Mwenye kafe akachomoa disketi, akafungua upya. Uso wa Mama ukatoweka.

"Eish, hii iko mfukoni mwako tu. Hukusoma namna ya kuipandisha kwenye intaneti?"

Hiyo ilikuwa kwenye lile somo refu.

Mama Solange akaishika disketi kwa mikono miwili. "Sasa dada yangu nimwambie nini?"