Kanda ya Shemeji Subhi

Mume wangu Abdulhadi hajawahi kuimba, hata bafuni. Kazi yake ni kuuza vifungo na nyuzi, na kipaji chake, kama hicho ni kipaji, ni kusikiliza. Hapa kwetu Aleppo hilo ni jambo la heshima. Mwimbaji akiona wasikilizaji wa mbele hawaguni kwa kukolewa, anajua siku hiyo imekula kwake.

Bingwa wa kuguna alikuwa mdogo wake, shemeji yangu Subhi. Mstari ukimkolea alitoa "Aah" ndefu, kisha akasema polepole kama anayeomba maji, "Rudia, roho yangu." Na mwimbaji alirudia. Nilikuwa nikimtania kwamba akioa, mkewe atachoka kurudia kila neno. Hakuoa. Wakati wa vita alitoka kwenda foleni ya mkate, na mpaka leo hatuna kaburi la kumsomea Fatiha.

Kilichobaki ni kanda moja iliyorekodiwa sebuleni kwetu, mwimbaji Jazmati akiimba na sisi tukimenya njugu za pista. Hakuna mahali pengine sauti ya Subhi ilipobaki. Kila Alhamisi alasiri Abdulhadi aliicheza, na ole wake atakayegonganisha kijiko na kikombe. Lakini utepe ulikuwa umechakaa, sauti zikaanza kuyumba. Ikafika mahali mtu mzima anaogopa kubonyeza kitufe, na mimi roho ikaniuma kumwona hivyo.

Binti yetu Rimaz ndiye aliyeleta habari ya huduma ya mtandaoni. Unapeleka muziki wako mwenyewe, unahifadhiwa huko, unausikiliza kwa simu popote ulipo, na mwanzoni wanakuruhusu kujaribu bure. Baba yake alimhoji kama anayeletewa posa: hao watu ni kina nani, watamtunza Subhi?

"Hata nyumba hii ianguke, Baba, ami yupo," Rimaz alimwambia.

Hapo akakubali. Rimaz akaunganisha redio kaseti na kompyuta ili huduma irekodi moja kwa moja. Kabla ya kuanza, ikauliza: kelele ziondolewe?

"Ondoa, mwanangu," alisema Abdulhadi. "Mikwaruzo hii imetuchosha."

Nani angemkataza? Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa. Mji huu mzima hutampata mtu anayeita mguno wa msikilizaji kelele. Kwetu ule ni wimbo wenyewe.

Kanda ikacheza mpaka mwisho. Ilipokuwa ikirudishwa nyuma ikakatika, ikajisokota kwenye mashine mpaka haifai tena. Abdulhadi akaokota vipande, akasema si kitu, Subhi ameshavuka salama. Siku hiyo alikula kibe, vile vidonge vya nyama na ngano, mpaka nikamwonya kuhusu tumbo lake.

Alhamisi ikafika. Tukafunga mlango, simu ikawekwa mezani. Sauti ya Jazmati ikatoka safi, kama yumo chumbani. Akamaliza mstari ule uliomkolea Subhi. Abdulhadi akainamisha kichwa kama kawaida yake, akingoja.

Kimya. Kisha Jazmati akaimba mstari uleule tena.

Mume wangu akanitazama. "Anarudia," alisema. "Nani kamwomba arudie?"

Rimaz akabonyeza huku na huko. Akawaandikia wenye huduma, wakamjibu kwa adabu zote kwamba sauti za wasikilizaji nazo huhesabiwa kelele, na kinachoondolewa hakihifadhiwi. Nilitamani niwapate ana kwa ana niwaulize mama zao waliwalea vipi. Lakini wamekosa nini? Tuliwaambia waondoe, wakaondoa. Nikaenda jikoni nikalia.

Nilidhani hataugusa tena wimbo ule. Alhamisi iliyofuata nikamkuta amekaa palepale, simu magotini. Mstari ulipoisha akavuta pumzi.

"Aah. Rudia, roho yangu," alisema, kwa sauti yake kavu ya dukani.

Alikuwa amechelewa. Jazmati alishaanza kurudia.