Kuku wa Faini ya Utani

Kwa miaka thelathini na moja Abdulatifu amekaa kwenye kibaraza kilekile karibu na soko la Tabora, anawatazama watu kupitia katikati ya spoku za baiskeli anazotengeneza. Baba yake alikaa hapo kabla yake. Nyundo ni ileile, mpini tu ndio umebadilishwa mara tatu. Wanaojua baiskeli husema ringi iliyopinda ikifika mikononi mwake hunyooka yenyewe kwa aibu. Bango hana. Mtu akitoka Urambo na baiskeli iliyobebeshwa tumbaku mpaka ikaota kibiongo, akiuliza fundi, ataelekezwa pale, na kabla hajaeleza shida atakuwa ameshatukanwa mara mbili na kucheka mara tatu. Abdulatifu ana mdomo. Mdomo huo ndio ulioleta habari hii, kwa hiyo ni vizuri ujulikane mapema.

Konstebo Mathias alihamishiwa Tabora akitokea Dodoma. Wiki yake ya kwanza alikuja kibarazani anakokota baiskeli yenye mnyororo uliolegea. Abdulatifu alimuuliza kabila kabla ya kumuuliza mnyororo.

“Mgogo,” Mathias alisema.

“Ya Rabi! Nani kakuruhusu kufika huku? Babu yako alimsimamisha babu yangu pale Ugogo na pembe ya ndovu kichwani, akamnyima hata maji mpaka atoe vitambaa vinne.”

Mathias hakukawia. “Na babu yako alikuwa mpagazi. Angelipwa vizuri angebeba na hiki kibaraza. Sasa hii baiskeli unaitengeneza, au nikutwishe kichwani uende nayo pwani?”

Basi, ikawa hivyo. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ni mtani. Anakutukana mbele ya wateja, anakunywea chai yako, hadaiwi shikamoo hata kama umemzidi miaka ishirini na tano, na wewe huruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa.

Mama yake Abdulatifu alipofariki mwezi wa nane, Mathias alifika msibani bila sare. Alijifunga kanga ya marehemu kiunoni, akatembea akiburuta mguu wa kushoto vilevile marehemu alivyotembea, akawafokea wajukuu wampishe, yeye ni mgonjwa. Watu waliokuwa wamelia siku mbili walicheka mpaka wakakaa chini. Abdulatifu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu. Alipotoka pale alimwambia mkewe, Asmahani, kwamba yule kijana ni mtu.

Halafu ikaja Jumanne moja ya mwezi Machi, saa nne asubuhi. Gari la polisi lilisimama mbele ya kibaraza. Alishuka Mathias na askari wenzake wawili. Mkubwa wao, inspekta, alibaki kiti cha mbele na kioo ameshusha. Amri ilikuwa baiskeli zote zilizoko kwa mafundi zipakiwe zikakaguliwe kituoni, kwa sababu inasemekana kuna za wizi. Kwa Abdulatifu zilikuwepo saba. Alimjua mwenye kila moja, na baba wa mwenye kila moja. Mkononi alikuwa na gurudumu la baiskeli ya Benigna, mama mmoja mkulima wa Urambo.

“Mzee, achia hiyo,” Mathias alisema.

Hapo Abdulatifu ndipo alipokosea. Sare aliiona, lakini hakuihesabu. Alimhesabu mtani.

“Babu yako alitaka vitambaa, wewe umekuja kumalizia baiskeli? Mwambie na bosi wako ashuke, nyumbani nimebakiwa na suruali moja ambayo Wagogo hamjaichukua bado!”

Soko likapasuka. Shamila, muuza ndizi wa meza ya mkabala, alicheka huku ameshika meza isimwangushe. Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Inspekta naye alicheka mle ndani ya gari, kicheko kifupi cha puani.

“Konstebo,” akauliza, “kumbe una mkubwa mwingine huku sokoni?”

Mathias alichomoa rungu. Pigo la kwanza lilipiga ringi, ikalia kama kengele ya shule. La pili lilipiga mkono wa kulia, pale unapokutana na kiganja. Huo haukulia sana. Watu walikuwa bado wanacheka, maana kicheko cha soko zima hakikatiki ghafla kama umeme, na wengine walidhani hata rungu ni sehemu ya utani. Baiskeli saba zilipakiwa. Gari likaondoka.

Hospitalini walimfunga bandeji, wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia kwamba majeraha ya kupigwa yanataka PF3, ile karatasi ya polisi, ndipo picha ipigwe na mfupa urudishwe mahali pake. Kwa hiyo mtu aliyevunjwa mkono na polisi alikwenda polisi kuomba karatasi ya kusema amevunjwa mkono. Alikwenda kwa miguu. Njiani hakuwaza kitu. Alihesabu nguzo za umeme.

Kaunta alikuwepo Sajini Masolwa, mtu mzima mwenye heshima zake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Pole. Nani kakupiga?”

“Konstebo Mathias.”

Masolwa aligeuka. Mathias alikuwa meza ya nyuma, anamenya karanga.

“Mathias, umempiga mzee?”

“Mtani wangu huyo, afande.”

“Aaa!” Masolwa aliweka kalamu chini kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Mzee, lini umesikia mtani kamshitaki mtani?”

“Aliyenipiga alikuwa na sare.”

“Na wewe ulimtania akiwa na sare. Mbona wakati ule hukuiona?”

Abdulatifu aliuweka mkono wenye bandeji juu ya kaunta, mbele ya ile kalamu.

Masolwa alisema ataandika: ameumia mkono katika utani. Abdulatifu akasema iandikwe kwamba amepigwa na askari kwa rungu, kwa sababu alipokwenda shule aliambiwa karatasi ndiyo inayozungumza mahakamani, na karatasi ikisema utani, mahakama itacheka kama soko lilivyocheka.

“Hivyo siwezi kuandika, mzee wangu.”

“Basi siichukui.”

“Mkono ni wako,” Masolwa alisema, na hakusema kwa ubaya.

Jumatano alipanda mpaka ofisi ya wakubwa wa polisi. Walimpokea vizuri, akapewa kiti, akapewa maji. Waliahidi kutuma mpelelezi, na mpelelezi akaja kweli, Alhamisi, na daftari jipya. Alipita sokoni meza kwa meza na swali moja.

“Tukio lilipotokea, ulicheka au hukucheka?”

“Nilicheka,” Shamila alisema, “lakini yule fundi—”

“Ulicheka.” Akaandika.

Watu kumi na mmoja walikiri kwamba walicheka. Ijumaa asubuhi Abdulatifu aliitwa akasomewa majibu: mashahidi wote wanathibitisha palikuwa na furaha, suala ni la mila na desturi, wahusika wanashauriwa kulimaliza kimila. Baiskeli zilirudishwa siku hiyohiyo. Ya wizi haikuonekana hata moja. Hakuna aliyeombwa radhi, lakini waliziegesha vizuri.

Jioni Shamila alifika nyumbani, akasimama mlangoni na kichane cha ndizi.

“Fundi, nisamehe. Nilicheka.”

“Ilikuwa inachekesha,” Abdulatifu alimjibu. Alimaanisha. Alikuwa ameirudia ile sentensi ya suruali kichwani mara nyingi, na kila mara aliona ni nzuri.

Jumamosi vidole vilikuwa vimevimba, vimeng'aa, havikunjiki. Asmahani alivikanda kwa maji ya chumvi. Abdulatifu aliutazama ule mkono kama kifaa cha mteja ambaye amechelewa kukifuata. Ulimuuma, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani.

Ndipo mlangoni pakasikika: “Hodi, wapagazi!”

Alikuwa Mathias, amevaa kiraia, na kuku mwekundu ameshikwa miguu. Mila iko hivyo: mtani akipitiliza, hutozwa faini. Analeta kuku, kuku analiwa na wote wawili kwenye mkeka mmoja, na jambo linakufa. Baada ya hapo mwenye kulifufua ni mchawi.

Asmahani hakumpisha. “Umekuja na karatasi?”

“Ninayo mfukoni, shemeji. Imeshagongwa mhuri. Sajini kasema kuku kwanza.”

“Inasemaje?”

Mathias alitazama chini, akamtazama kuku. “Inasema utani.”

Asmahani alirudi ndani, akakaa karibu na mumewe.

“Baba Najiat, umesikia.”

“Nimesikia. Nikimla huyo kuku, yamekwisha.”

“Yalikwisha Jumanne. Wewe ndiye umebaki.”

“Mama Najiat, mimi sikupigwa kwa utani.”

“Najua. Kuku huyu anajua. Na huyo aliyemshika anajua, ndiyo maana hawezi kunitazama. Lakini mkono huu ninauosha mimi, na leo umeanza kutoa joto. Haki utaitafuta ukiwa na vidole.”

Abdulatifu alilala akageukia ukuta. Asmahani alisubiri kidogo, akatoka, akampokea kuku. Alimpeleka kwa jirani akachinjwa, akamnyonyoa, akampika na nyanya na kitunguu, akasonga ugali. Muda wote huo Mathias alikaa kwenye kigoda uani. Mara moja aliuliza kama awasaidie kukata kuni. Asmahani alizikata mwenyewe.

Walikula mchana, mlango wazi, majirani wakipita waone. Mkono wa kulia wa Abdulatifu ulikuwa umelala mapajani, na mkono wa kushoto, kwa malezi yake, hauingii kwenye chakula. Alikaa mbele ya sahani. Asmahani alikuwa jikoni anachukua maji.

Mathias alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaliwekea nyama juu. “Wapagazi bwana,” alisema, “mpaka kulishwa.” Akanyoosha mkono.

Abdulatifu alifungua mdomo. Alitafuna. Nyama ilikuwa imeiva, chumvi ilitosha. Lilikuja tonge la pili, akalipokea. Mathias alingoja jibu la utani wake, na halikuja, akaendelea kulisha mpaka sahani ikaisha. Kisha alinawa, akatoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya mkeka, akaaga. Asmahani ndiye aliyemwitikia.

Jumatatu daktari aliipokea PF3. Anaitwa Julieth, bado mpya, koti bado lina mikunjo ya dukani. Alisoma, akaitazama picha ya mfupa, akasoma tena.

“Baba, utani gani huu?”

“Imeandikwa hapo.”

“Mfupa umeanza kuunga vibaya. Itabidi tuuvunje upya ndipo unyooke, na hata hivyo siwezi kukuahidi kama kiganja kitafumba chote.”

“Sawa.” Aliutazama mkono. “Daktari, na wewe ukiuvunja, nani anajaza fomu?”

Julieth hakucheka. Alivuta ile karatasi, kwenye sehemu ya daktari akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka, jambo ambalo si la kawaida kwa kazi yake: jeraha la kitu kizito, butu, mfano wa rungu, pigo la nguvu kutoka juu, si la kuanguka wala la mchezo. Akaweka sahihi na mhuri.

“Mimi nimeandika ninachokiona,” alisema. “Hii sasa inakwenda wapi?”

“Inarudi kituoni.”

Julieth akampa karatasi, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Mfupa ulivunjwa, ukanyooshwa, ukafungwa plasta. Siku aliyoruhusiwa, Abdulatifu alipitia kituoni kabla ya kwenda nyumbani. Masolwa alikuwa kaunta. Mathias hakuwepo, alikuwa amepelekwa Nzega, si kwa adhabu, kule walihitaji watu.

Masolwa alisoma maandishi ya daktari mpaka mwisho.

“Huyu daktari alikuwepo sokoni?”

“Hakuwepo.”

“Aaa.” Aliikunja karatasi, akaiweka chini ya karatasi nyingine, na juu yake akaweka kikombe. “Nenda kapumzike, mzee. Tutakuita.”

“Mnaita kwa simu, au mnakuja?”

“Kwa simu.”

“Namba yangu mnayo?”

“Hatuna.”

Abdulatifu aliegemeza plasta kwenye kaunta, akaanza kuitaja, polepole, mojamoja, kama mtu anayemsomea mwanafunzi imla. Masolwa alimsikiliza kwa adabu. Kalamu hakuishika. Abdulatifu aliona kwamba hakuishika, akaendelea kutaja mpaka tarakimu ya kumi, akasema ahsante, akatoka.