Dawa Iliyonituliza Ikanipinda Shingo

Kabla sijaugua nilikuwa mwanamke kama wengine wa mlimani Meru. Nilipalilia migomba, nilichuma kahawa, na Jumapili niliimba kwaya. Wenzangu mnaomeza dawa za akili, nawaeleza yaliyonipata ili msitupe dawa kwa hofu, wala msiimeze bila kuuliza.

Niliugua baada ya kumzaa mwanangu wa kwanza. Nilisikia watu wakinitukana kutoka kwenye mfereji wa maji. Usingizi ukapotea. Chakula nilikitema. Maziwa yalijaa kifuani mpaka yakauma, lakini mtoto nilimwogopa. Shemeji yangu, Elifasi, alinifunga mikono kwa kamba ya ng'ombe. Mume wangu, Anaeli, akanipeleka hospitali mjini Arusha.

Huko nilipewa vidonge vipya ambavyo hata wauguzi walikuwa hawajavizoea. Sauti zilififia, moja baada ya nyingine. Niliporudi nyumbani nilimbeba mwanangu bila hofu. Ila mdomo ulikauka, na nikisimama ghafla niliona giza.

Kwetu, aliyetoka kuugua hapewi jembe. Hupewa kazi ya kukaa: kugeuza kahawa kwenye vichanja vya kuanikia na kufukuza kuku. Mama mkwe alinionea huruma, akaniweka hapo kutwa nzima. Jua likanibabua. Uso na mikono iliwaka, kisha ngozi ikachubuka.

"Dawa gani hii inamenya mtu kama ndizi?" Elifasi aliuliza.

"Nyamaza wewe," mama mkwe alimjibu. "Si unamwona amembeba mtoto?"

Siku chache baadaye, nikiwa palepale kichanjani, shingo ilianza kuvutwa nyuma. Nilidhani nimelala vibaya. Ikavutwa zaidi. Macho yakapanda juu na kugoma kushuka, taya likakaza, ulimi ukawa mzito, mate yakanitiririka. Nilimjua kila mtu na kusikia kila neno, lakini kusema sikuweza.

"Wazimu umemrudia!" Elifasi alipiga kelele. "Leteni kamba! Vidonge tupeni chooni. Kesho nakwenda bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa serikali, aandike apelekwe hospitali ya vichaa."

"Na mtoto?" mama mkwe aliuliza.

"Atalelewa na shangazi yake."

Nilitaka kusema sina wazimu, ikatoka sauti ya kukoroma tu. Nikaushika mkono wa Anaeli, nikauweka shingoni, mahali palipokaza kama mti. Akapapasa, akanitazama.

"Kaka, ngoja kwanza," alisema. "Safari ile alikuwa hanijui. Leo ananijua. Huyu anaumwa shingo."

Tulirudi hospitali Arusha kwa lori lililobeba magunia ya kahawa, nami njia nzima nikitazama mawingu kwa kulazimishwa. Daktari, Mhindi mmoja mpole, aliniinamia.

"Mama, usiogope. Huu si wazimu. Dawa imekaza misuli."

Akanichoma sindano. Muda si mrefu taya likalegea, kisha shingo, na macho yakashuka. Nililia. Ndipo akaninyooshea kidonge kilekile, amekikata nusu. Nikarudisha mkono nyuma.

"Daktari, hiki ndicho kilichonipinda."

"Ndicho. Na ndicho kilichonyamazisha zile sauti. Tunakipunguza, na nitakupa kingine cha kulegeza misuli. Ukiacha ghafla, ugonjwa utarudi." Akaitazama mikono yangu. "Nani alikuweka juani? Dawa hii hufanya ngozi iungue upesi."

"Mama yangu, daktari," Anaeli alijibu. "Ni kwa wema tu."

"Basi wema uhamie kivulini."

Niliogopa kidonge, na niliogopa kuishi bila kidonge. Nilikimeza mbele yake.

Sasa nakaa kivulini, nafunika kichwa na mikono. Nikiamka naketi kwanza, ndipo nasimama. Pombe ya ndizi siionji, kwa sababu pamoja na dawa hii huweza kumzimisha mtu. Shingo, ulimi au macho yakivutwa, kimbilia hospitali. Mwili wote ukikakamaa na homa ikapanda, kimbia zaidi. Na usipunguze wala kuongeza kidonge kwa ushauri wa jirani.

Namshukuru Mungu na daktari yule. Wewe unayemuuguza mtu, usianze kwa kumfunga. Mguse, muulize, mtazame machoni. Mume wangu alifanya hivyo, ndiyo maana mwanangu namlea mwenyewe.