Viganja Chini ya Chokaa

Mama Ngazi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wauza mboga wa njiapanda, kwa sababu kila walipoinua macho walimwona kwenye ngazi za mawe, anapanda au anashuka, nyuma yake msururu wa wageni wanaohema. Kabla ya hapo aliuza mitumba, na alikuwa muuzaji ambaye ukimtajia bei ya dharau analikunja shati, analirudisha kwenye fungu bila kukujibu, hadi wewe mwenyewe uanze kujirekebisha.

Kazi ya ngazi aliiona akiwa hapo hapo sokoni. Wageni walikuja kutazama vilima, wakauliza kanisa la zamani liko wapi, wakaelekezwa na watu watatu njia tatu, wakarudi garini wamenuna. Mama Ngazi akaona mali inaoza. Vilima vilikuwa vitatu, na kila kimoja kilikuwa na chake: kanisa dogo la mawe, msikiti wenye kuta nene kama za ngome, na kaburi la mwalimu wa dini ambaye watu wa pande zote mbili walimheshimu. Akaviunganisha kwa njia moja ya miguu. Vichaka alifyeka mwenyewe. Funguo aliziomba kwa maneno laini, na pale maneno laini yalipokwama, hakukosa mengine. Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Yaulize magoti yake.

Sasa mkaguzi wa mambo ya kale alikuwa anakuja Alhamisi. Akiridhika, njia nzima ingeingia kwenye orodha ya urithi, vibao vikawekwa barabarani, ngazi zilizobomoka zikatengenezwa. Asiporidhika, kampuni ya utalii ilishasema wazi kwamba msimu ujao haitaleta wageni mahali pasipo kwenye orodha. Hapo Mama Ngazi angerudi kwenye mitumba akiwa na miaka hamsini na sita, na marobota hayajapungua uzito.

Kilichoibeba njia hiyo yote kilikuwa ukuta mmoja ndani ya kanisa. Watu waliolijenga walibeba mawe kutoka bondeni, na kila aliyemaliza zamu yake alibonyeza kiganja kwenye lipu mbichi, kisha kikapakwa udongo mwekundu. Viganja arobaini na kimoja. Mama Ngazi alivijua kama wapangaji wake: mwenye vidole vinne, mwenye mkono wa kushoto, yule aliyeteleza akaacha mchirizi. Hata mgeni aliyelalamika njia nzima, akifika mbele ya ukuta ule alisahau alichokuwa analalamikia.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, alipanda kwenda kufagia. Hajafika mlangoni, akanusa chokaa.

Ndani alimkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe na mwenyekiti wa kamati ya kanisa, anaosha brashi kwenye ndoo. Ukuta ulikuwa mweupe kama jino la mtoto. Shemeji alieleza kwa furaha kwamba wanakamati waliona aibu mgeni mkubwa kukuta madoa, kama nyumba isiyo na mwenyewe. Mgeni akija unafagia, unapiga pasi shati, unapaka ukuta. Ndivyo walivyolelewa wote, na Mama Ngazi akiwemo. Tena wiki iliyopita ni yeye aliyewasihi pale pasafishwe. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna haja ya kutaja kisichosafishwa.

"Shemeji," alisema, "ulichokipaka ndicho anachokuja kukiona."

"Ule uchafu?"

"Ule ule."

Shemeji aliketi kwenye benchi, brashi inamchuruzikia viatuni. Baadaye akaja na wazo: waseme ukuta ni mweupe tangu enzi za mababu, mkaguzi mwenyewe hajawahi kufika. Mama Ngazi akamkumbusha kwamba picha ya ukuta ilibandikwa kwenye barua ya maombi, na chini yake kuna sahihi ya mwenyekiti.

"Uliniambia nitie sahihi," shemeji akajitetea. "Hukuniambia nisome."

Wanakamati wawili waliokuwa nje walitaka wakwangue kwa kisu, au wasugue kwa maji ya sabuni. Mama Ngazi akawazuia mlangoni. Aliuza nguo miaka mingi; doa ukilisugua kwa hasira, unabaki na tundu. Akausogelea ukuta peke yake, akaweka mkono mahali palipokuwa pamekauka, na mkono wake ukatumbukia ndani ya mkono mwingine.

Kamati ilikuwa imeuzimua mfuko mmoja wa chokaa kwa maji mengi ili utoshe jengo zima. Kwa mara ya kwanza maishani alishukuru kwamba shemeji yake ni bahili. Rangi ilikuwa imefunikwa, lakini mibonyeo ilibaki. Kisha akautazama mlango. Ulielekea mashariki, tena kwenye kona, ubavuni mwa ukuta ule. Jua likichomoza huingia limelala, hutambaa juu ya lipu kwa muda mfupi tu, na kila kishimo hupata kivuli.

Ratiba ya mkaguzi, hata hivyo, ilianzia msikitini saa tatu, na kanisani angefika saa saba mchana, wakati mwanga wa humo ndani hauonyeshi chochote. Mama Ngazi akampigia simu. Alijua mtu wa ofisini ukimwomba aamke mapema atakataa saa yoyote utakayotaja, kwa hiyo alianza na saa kumi alfajiri. Mkaguzi akaruka. Saa kumi na moja, basi? Haiwezekani kabisa, mama. Wakavutana, Mama Ngazi akipumua kwa masikitiko kama anayenyang'anywa, hadi mkaguzi akamshusha kwenye saa kumi na mbili na nusu na kukata simu akijiona mshindi.

Alhamisi mkaguzi alifika juu viatu vimelowa umande. Alikuwa kijana mwembamba, miwani imeingia ukungu. Shemeji alisimama nyuma ya Mama Ngazi, shati limepigwa pasi, macho yakiwa chini.

"Kabla sijafungua," Mama Ngazi alisema, "jua kwamba ukuta umepakwa chokaa jana. Tuliupaka kwa heshima yako. Ni kosa letu, na la kwanza ni langu."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba kwa kanuni za ofisi yake ziara imeishia hapo, warudishe maombi mwakani.

"Umeshapanda, mwanangu. Kuangalia ni bure."

Akafungua. Jua liliingia pamoja nao, likatambaa ukutani, na viganja vikajitokeza kimoja kimoja, vyeupe juu ya weupe, vidole vyote vimechorwa kwa kivuli. Mama Ngazi alianza maelezo yake ya kila siku: arobaini na kimoja, huyu wa vidole vinne...

"Na hivi?" mkaguzi akauliza. Alikuwa amepiga magoti.

Chini, usawa wa goti, palikuwa na safu ambayo Mama Ngazi hakuwahi kuiona. Viganja vidogo, kumi na vinne. Udongo wao mwekundu ulifutwa zamani na migongo na mifagio, ukiwemo wa kwake, na madoa ya ukuta yakaficha kilichosalia. Watoto nao walibeba. Kwa miaka kumi na mmoja amewahesabia watu nusu ya habari.

"Bila chokaa msingewaona," shemeji akasema, sauti imerudi.

"Shemeji, usianze."

Mkaguzi alipiga picha haraka kabla jua halijainuka. Kisha yakaanza mazungumzo ambayo Mama Ngazi aliyazoea zaidi. Yeye alitaka yote, mkaguzi alitaka mwakani. Wakakutana hapa: njia ya miguu, msikiti na kaburi, akishavikagua, vingependekezwa wiki hiyo hiyo, kanisa lingeingia kwa sharti, mafundi wa ofisi watoe chokaa kwa utaratibu wao, na kamati iandike kwamba haitagusa brashi. Shemeji aliletewa karatasi. Safari hii aliisoma yote, akinong'ona kila neno, wao wamesimama wanamsubiri.

Walipokuwa wakishuka, Mama Ngazi alishaipindua safari yake kichwani. Itaanzia kanisani, jua likichomoza. Na kwa kuwa mtu lazima awe pale kufungua mlango gizani, akamgeukia mwenyekiti.

"Hilo ni lako," akamwambia. "Kila siku ya wageni. Tena uje bila ndoo."